Barua Zilizobaki kwenye Seva ya Zamani

Mume wangu alikuwa fundi wa simu kwa miaka kumi na minane, mpaka shirika lilipopunguza watu. Alirudi nyumbani Mabatini na bahasha, bisibisi zake, na fahari moja: walipobadilisha mitambo ya simu mjini Mwanza, hakuna laini hata moja ya upande wake iliyolala. Alisimulia habari hiyo hata kwa watu waliokuja kwetu kutoa fotokopi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Tulifungua chumba kimoja kando ya barabara, tukaanza na taipureta na mashine ya fotokopi, baadaye tukapata kompyuta, kisha modemu ya kuingilia mtandaoni kwa laini ya simu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimejengwa ufukweni, wageni walijaa hotelini, na kila mtu alidhani zamu yake ya kufanikiwa imekaribia. Mume wangu akajifundisha kutengeneza tovuti. Neno hilo hatukuwa nalo bado, tulisema "kurasa". Tulipata wateja saba. Mmoja alikuwa kiwanda cha samaki, mwingine mzee wa Kihindi aliyeuza vipuri vya injini za mitumbwi. Niliyempenda kuliko wote alikuwa sista mmoja, mkunga, aliyeongoza kituo cha afya ng'ambo ya ghuba, nje kidogo ya Sengerema. Tulimtengenezea kurasa zenye picha za wodi ya wazazi, pamoja na anwani ya barua pepe. Barua zake nilizichapa mimi kwenye karatasi, zikavuka kwa kivuko.

Kurasa hizo hazikukaa Mwanza. Zilikaa kwenye kompyuta kubwa ya nchi za ng'ambo, ile inayoitwa seva, na hata huko hatukuwa na mahali petu. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amekodi nafasi kule, akaikata vipande na kutukodisha sisi na wengine wengi, kama mpangaji anayepangisha vyumba vya nyumba isiyo yake. Mpangaji mwenzetu akiharibu kitu, sote tulizimika. Kiwanda kikatupigia simu kwa hasira mara mbili katika wiki moja.

"Nataka seva yetu wenyewe," mume wangu akasema. "Nzima. Mtu mwingine asiiguse."

"Na tukihama, kurasa zitazimika siku ngapi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Hata dakika moja hazitazimika, mama."

Alipanga uhamisho ule kama alivyopanga ule wa simu. Kwanza tulinakili kila kitu kwenye seva mpya, ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Laini ya simu ilikatika mara nyingi, kwa hiyo kazi ilituchukua karibu wiki tatu, picha moja moja. Kisha angebadilisha maelekezo, yale yanayowaambia watu wa dunia kwamba kurasa fulani ziko mahali fulani. Maelekezo hayo hayafiki kwa watu wote kwa wakati mmoja. Kwa siku kadhaa wengine wangekwenda kwenye seva mpya na wengine ya zamani, nao wote wangekuta kurasa zilezile. Mwisho kabisa tungefunga ya zamani.

Hatari ilikuwa barua. Ukurasa ni uleule kwenye seva zote mbili, lakini barua ikiangukia kwenye sanduku la zamani itabaki hukohuko. Akanipa daftari lenye tarehe kumi na nne.

"Kila asubuhi ingia kwenye masanduku ya zamani, yote saba. Ukikuta barua, ichape na uihamishe. Ukimaliza, weka alama ya vema kwenye tarehe."

Alibadilisha maelekezo siku ya Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Hakuna kilichozimika. Alikaa mbele ya kompyuta akifungua kurasa moja baada ya nyingine, uso wake ukang'aa kama zamani alipokuwa akivaa sare. Alasiri akaenda mwenyewe kwa yule mzee wa vipuri kumwambia kwamba tumehama.

"Mimi sikuona kitu," mzee akasema.

"Ndiyo maana yake, mzee wangu. Hukuona."

Siku ya kwanza nilikuta barua tatu kwenye masanduku ya zamani. Siku ya pili moja. Siku ya tatu, ya nne na ya tano sikukuta kitu. Siku ya sita simu ilikatika mara nne kabla sijalifikia sanduku la mwisho, na nje kulikuwa na foleni ya wanafunzi wenye vyeti vya kutolewa nakala. Nikaweka vema. Ya saba pia. Nilijiambia kwamba maelekezo yameshafika dunia nzima na barua zote sasa zinakuja kwenye seva mpya, maana huko nilikuwa ninaziona. Kuanzia hapo niliweka vema bila hata kuwasha modemu. Haikuwa ugonjwa wala msiba. Nilichoka tu, na kazi yenyewe niliiona haina maana.

Siku ya kumi na nne mume wangu akachukua daftari, akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Masanduku ya zamani hayana kitu?"

"Hayana kitu."

Akampigia mtu wa Dar es Salaam, naye akafuta kila kitu chetu siku hiyohiyo.

Sista alikuja baada ya mwezi na zaidi, asubuhi ya mvua, viatu vimejaa tope la kivukoni. Mume wangu alikuwa kiwandani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista. Karibu ukae."

Nilimpa chai. Akatoa karatasi mbili kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ameomba mashine ya ultrasaundi, ile ya kumwona mtoto tumboni, kwa shirika moja la misaada lenye ofisi Dar es Salaam. Ofisi ile ilimwandikia mara mbili kwamba amepata, ila athibitishe upesi kwamba ana umeme na chumba. Hakujibu. Mashine ikapelekwa mkoa mwingine.

"Wanasema barua zilifika, hazikurudishwa," akasema. "Mimi sikupata kitu. Nimefikiri labda mlinichapia zikapotea kivukoni."

Karatasi zile zilikuwa nakala za barua hizo, alizopewa na ofisi baadaye; nilitazama tarehe. Moja ilikuwa siku ya nane, nyingine ya kumi na moja. Nikauliza ofisi ile inapata wapi barua pepe zake, akamtaja mtu yuleyule wa Dar es Salaam. Hapo nikaelewa. Barua zao hazikuwa na haja ya kufuata maelekezo yoyote. Zilitoka chumba kimoja zikaingia cha jirani ndani ya nyumba ileile, kwenye sanduku la zamani lililokuwa bado lina jina la Sista.

Ningeweza kusema. Alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Labda kivukoni," nikasema.

"Basi. Hatuna la kufanya." Akainuka, akashukuru kwa chai. Aliniambia picha za wodi zimependeza.

Mume wangu aliporudi nilimwambia Sista alipita kusalimia. Jioni hiyo alikuwa na habari zake: wanunuzi wa Ulaya wamesimamisha ununuzi wa samaki, kiwanda kimerudisha nyumbani nusu ya wafanyakazi. "Lakini kurasa zao ziko hewani," akasema.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda upesi. Kiwanda kikafunga kurasa, wateja wengine wakafuata. Seva nzima ilibaki na kurasa za Sista na za mzee wa vipuri, na mume wangu alizifungua kila asubuhi kuhakikisha hazijalala. Mkataba ulipokwisha hakuuhuisha. Alikwenda Kisesa kulima pamba ya kaka yake, nami nikabaki na taipureta.

Siku moja nilikuwa kivukoni nikisubiri mzigo. Walishuka watu wanne wamebeba mwanamke mjamzito kwenye machela ya shuka na miti. Nilimuuliza mama aliyefuata nyuma wanatoka wapi.

"Kwa masista. Mtoto amekaa vibaya, wamegundua leo, uchungu ulishaanza toka jana."

Nilimsaidia kubeba beseni lake mpaka kwenye gari. Sikujua ilikuwaje mbele ya safari, na sikwenda hospitali kuuliza. Nilipata mzigo wangu nikarudi kazini.

Sista alihamishwa, nikasikia yuko Tabora, kisha sikusikia tena. Mume wangu alifariki akiamini kwamba tulihama bila kupoteza kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya kumwambia, naye kila Jumapili alikuja mjini, tukala pamoja.