Jumamosi za Mama Tabitha

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikabidhiwa gambuti, aproni ya plastiki, kofia ya kufunika nywele na kisu, kisha nikaambiwa nisikiguse kile kisu. Msimamizi wa Meza, mama wa makamo aliyezoea kusema na mtu bila kumtazama, aliniambia, "Kwanza utazame. Sangara akiharibika mikononi mwako, hakuna wa kumrudisha ziwani." Nikasimama asubuhi nzima kando ya meza ya chuma, miguu inaganda kwa maji ya barafu, namtazama mwanamke aliyekuwa mbele yangu akikata. Huyo ndiye Mama Tabitha. Nilianza kumwonea wivu siku hiyo hiyo kwa sababu ya mkono wake, na mpaka leo nikiwa mstaafu sijaacha, ingawa sababu zilibadilika njiani.

Ninyi mnaoingia viwandani sasa mna mashine za kuchuna ngozi. Sisi hapa Ilemela kazi yote ilikuwa kisu na mkono. Unamlaza sangara ubavu, unakata nyuma ya shavu, unaufuata uti wa mgongo taratibu hadi mkiani, unainua nyama nzima bila mfupa. Huo ndio mnofu. Kinachobaki, kichwa na mifupa, ni panki, na mapanki yalikwenda kwa kina mama wa kukaanga. Bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linatolewa zima na kutiwa ndoo yake, maana lina wenyewe wanaolililia. Ukiacha mwiba kwenye mnofu, Ofisa wa Ubora anakurudishia mbele za watu. Mimi nilirudishiwa mpaka nikazoea. Mama Tabitha sikumwona akirudishiwa hata mara moja.

Alikuwa Msabato. Ijumaa, mwanga ukianza kuwa mwekundu kwenye yale mawe ya mlimani, alikiosha kisu chake, akakifunga kitambaa, akakirudisha stoo. Kwake jua la Ijumaa likizama, kazi imekwisha mpaka jua la kesho yake lizame tena. Meneja Uzalishaji, mzee mrefu aliyependa kusimama mlangoni na mikono kiunoni, alimwita siku moja mbele yetu sote.

"Mama Tabitha, samaki hajui Jumamosi wala Jumapili."

"Ni kweli hajui, Meneja," alisema Mama Tabitha, kwa adabu kabisa. "Mimi najua."

Tukainamia samaki wetu kama hatukusikia. Meneja akasema basi atafute mtu wa kubadilishana naye siku ya mapumziko, kwa sababu kiwanda hakifungwi. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili yangu ilikuwa inaliwa na zamu mara kwa mara, kwa hiyo nikanyoosha mkono. Nitafanya Jumamosi yake, yeye atafanya Jumapili yangu. Wenzetu mezani walicheka wiki nzima kwamba sasa siku za Mungu zimeingizwa kwenye zamu. Tulibishana pia, visu vikiendelea. Mimi nilimwambia Bwana alifufuka Jumapili, siku gani tena inaizidi hiyo? Yeye alisema amri inataja siku ya saba na hajaona mahali ilipofutwa. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na samaki waliisha.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Tulikuwa na siku moja kila mtu, sawasawa, lakini yeye aliporudi kazini alikuwa amepumzika na mimi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Jumapili yangu ilikuwa misa ya kwanza, halafu kufua, halafu maji ya kupandisha mlimani, halafu sokoni, halafu kikao cha jumuiya, na jioni shemeji zangu wanashuka kwenye meli ya Nansio bila taarifa, wanataka ugali wa moto. Mama Tabitha alimaliza yote Ijumaa alfajiri, kabla ya zamu. Chakula kilishapikwa, nguo zilishapigwa pasi, viatu vya nyumba nzima vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni. Nilimtania kwamba siku ya Mungu anakula kiporo. Akacheka, akaniambia, "Kiporo chetu tunakila tumekaa, Mama Kulwa."

Jumamosi moja boti zilileta samaki wachache tukatolewa mapema. Nikapita kwake, nikisingizia naazima chekeche. Nilimkuta Baba Tabitha, mumewe, fundi baiskeli, ameketi kivulini mwa jiwe kubwa nyuma ya nyumba, anasoma Biblia kwa sauti ya chini. Mama Tabitha alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, saa za mchana watu wote wanahangaika. Nikafungua kinywa nibishe hodi. Baba Tabitha akaweka kidole mdomoni.

"Shemeji, samahani," alininong'oneza. "Amelala."

Akaendelea kusoma, polepole, ili ile sauti isikatike mkewe akaamka. Niliondoka bila chekeche. Nimewaonea watu wivu kwa nyumba za bati, kwa watoto waliofaulu, kwa vitenge, lakini wivu wa siku ile ulizidi huo wote. Mwanamume anamlinda mkewe asiamshwe. Mimi nikijilaza Jumapili, Baba Kulwa, mume wangu, alikuwa ananiamsha kuuliza chumvi iko wapi. Naye simlaumu sana, kwa sababu mwenyewe hakutulia. Alikuwa mwashi, na Jumapili ndiyo siku ambayo wenye nyumba huwa na nafasi ya kuja kuutazama msingi wao, kwa hiyo akitoka kanisani alikwenda moja kwa moja kwenye matofali.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini nikiwa nimenuna. Mama Tabitha akaniuliza kulikoni, nikamwambia yeye amebahatika. Hakuacha kukata. "Na wewe una siku yako. Nani amekukataza kukaa?" Nilitamani kumrushia panki.

Baadaye Msimamizi wa Meza alistaafu. Meneja alimwita kwanza Mama Tabitha, tena mbele yangu, akamwambia cheo ni chake ila Jumamosi ndiyo siku ya kufunga mzigo wa ndege, na msimamizi lazima awepo. Mama Tabitha alishukuru akakataa. Hakuomba hata siku ya kufikiri. Ndipo Meneja akageuka upande wangu. Nilikipokea cheo, koti jeupe nikalivaa, lakini kila nilipolifunga vifungo nilijua ni nguo aliyoijaribu mwenzangu akaona haimfai.

Msimamizi hana wa kubadilishana naye. Jumapili zangu zikaenda moja moja, kwa sababu barafu imechelewa, kwa sababu wakaguzi wanakuja, kwa sababu vijana wapya wanakata ovyo. Nilimweleza Paroko wetu, nikitegemea atanifariji. Alinisikiliza, akasema, "Mama, kulisha watu si dhambi. Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Bwana, anatolewa. Ila huyu wako naona anatumbukia kila Jumapili." Sikurudi kumuuliza tena. Miaka yote hiyo Mama Tabitha alikuwa chini yangu, na Ijumaa jioni alinikabidhi mimi kisu chake kilichofungwa kitambaa.

Nilipostaafu kiwanda kilinizawadia godoro. Watu walipiga makofi, na Meneja mpya akasema sasa nikapumzike. Nililala juu yake wiki ya kwanza nikagundua sijui kupumzika kunaanzia wapi. Siku zote saba zilikuwa zangu, nikazijaza kuku, vikoba na harusi za watu.

Mwaka huu Baba Tabitha amefariki. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na mwenzangu, nikitegemea nitambembeleza. Alilia, akafuta uso kwa upande wa kanga, akaniambia, "Mama Kulwa, nitamkosa. Lakini mimi na Baba Tabitha hatudaiani siku. Kila Jumamosi tulikaa." Halafu akaanza kuzisimulia, ile ya mvua ya mawe, ile waliyocheka mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini, ile mumewe aliyomsomea yeye akasinzia. Nilimshika mkono nikimwonea wivu hata msiba wake. Mumewe yuko kaburini, na yeye bado ana mengi ya kukumbuka. Wangu yuko hai nyumbani, na nikijaribu kukumbuka siku moja tuliyokaa wawili tu, naona matofali na minofu.

Nilirudi. Jumapili, baada ya misa, nikamkuta Baba Kulwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Mgongo umemwinama, lakini bado kuna jirani anayemwita akamtazamie msingi.

"Baba Kulwa, leo usiende. Kaa."

"Kuna mgeni?"

"Hakuna."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka tukae tu."

Alinitazama kama mtu aliyeshikishwa kisu siku ya kwanza. "Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lizame."

"Mama Kulwa, umekuwa Msabato?"

"Leo ni Jumapili," nikamwambia. "Kaa."

Alitazama barabara, akanitazama mimi. Kisha akainama tena, akafungua kamba, akavua viatu.