Mpeni Mtoto Macho Yake

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule nilipompita mama mkwe wangu kana kwamba ni gunia la mhogo. Nikikumbuka, damu inachemka bado. Usicheke. Sikukuita hapa nikuchekeshe.

Nilikuwa nimerudi kutoka kusoma Bukavu, nimechumbiwa na kijana wa Kasongo, na macho yangu yalikuwa haya haya uliyorithi wewe: mtu akisogea mbali kidogo ni kivuli tu. Nilikuwa navaa lensi, vile vioo laini vya kubandika juu ya mboni, kwa hiyo hapa Kabambare wengi hawakujua. Kisha kaka yangu, aliyekuwa akinunua dhahabu Salamabila, akanitafutia nafasi ya kutengenezwa macho kwa leza, ule mwanga unaokata, mbali huko ng'ambo ya mpaka. Daktari, munganga kama tunavyosema hapa, akanieleza vizuri. Lensi inalibana jicho, inalibadilisha umbo. Uziache kabisa majuma kadhaa kabla ya kupimwa, uvae miwani, jicho lirudie umbo lake. Ukizivaa katikati, tutapima jicho la uongo, na mwanga utakata pasipotakiwa. Hapo hakuna kurudia.

Basi nikavaa miwani, minene kweli. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani kwetu, akakasirika utadhani nimemtukana. Wakwe walikuwa wanakuja kwa pikipiki kutoka Kasongo kuniona kwa mara ya kwanza.

"Vaa zile za ndani," akaniambia. "Siku moja tu. Watasema tunawapa kipofu."

"Shangazi, munganga amekataza."

"Munganga ndiye atakuoa?"

Nikakataa. Siku ya wageni natoka kuoga, miwani haipo. Nikapapasa kitanda, nikapapasa sakafu. Shangazi kasimama mlangoni. "Lensi zako ziko pale. Chagua." Mtu mzima, aliyenibeba mgongoni, ananiibia macho! Nililia kwa hasira, lakini sikuzivaa. Nikatoka hivyo hivyo.

Sebuleni niliona rangi za nguo tu. Nikamwendea mama mmoja mnene, nikapiga magoti: "Jambo mama, karibu mama mkwe." Kumbe ni jirani yetu, amekuja kutusaidia kupika sombe, yale majani ya mhogo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kando, nimempita bila salamu. Nikasikia sauti kavu: "Huyu mutoto ananizarau, ao iko mugonjwa?"

Shangazi akaanza kuchekacheka, eti nina haya. Hapo nikashindwa kujizuia. "Sina haya! Shangazi ameficha miwani yangu. Sikuoni, mama. Nakwenda kutengenezwa macho, lensi nimekatazwa." Baba akanifokea ninyamaze. Wapi! Nikasema yote.

Mama mkwe akasimama. Uso wake sikuuona, nilisikia tu kitenge kikichakacha.

"Mupeni mutoto macho yake," akasema. "Sasa hivi. Nimekuja na ile barabara mbaya, mbavu zinaniuma, munionyeshe mutu wa kufichwa? Akianguka kwenye moto leo, ile aibu yenu itamuponyesha?"

Shangazi akaitoa miwani kiunoni, ndani ya kitenge alichojifunga. Nikaivaa. Kitu cha kwanza nilichoona ni Shangazi akikifunga upya kitenge chake, macho chini, na sikumhurumia.

Nilikwenda, nikapimwa, nikatengenezwa, nikaona. Nikaolewa pia, na mama yule hakuniita kipofu hata siku moja.

Sasa wewe nawe unangoja kupimwa kwa ajili ya leza hiyo hiyo, na nasikia wenzako wanakushawishi uvae lensi Jumamosi, kwa ajili ya picha za harusi ya rafiki yenu, halafu uendelee kuziacha Jumapili. Wajinga hao! Jicho likiharibika, wao watakupa la kwao? Ziache, mwanangu. Vaa miwani mbele ya watu, na uwaambie mapema kwamba kwa mbali huwaoni, wao ndio waanze kukusalimia. Ukiteleza ukazivaa, mwambie daktari ukweli aahirishe. Kungoja hakuharibu jicho, uongo ndio unaoharibu. Na mtu yeyote, hata anayekupenda, hata mimi, usimruhusu aokoe sura yake kwa macho yako.

Mungu akutangulie njiani, autulize mkono wa daktari, akurudishie sura za watu wako zote. Nenda. Na hizo lensi zilete hapa, nizitupe mwenyewe.