Mfumo na Mabega ya Watu

Jina alilopewa na baba yake hakuna anayelitumia pale kazini. Tunamwita Mfumo, kwa sababu hamalizi maneno matatu bila kulitaja hilo. Ni shemeji wa tajiri, mdogo wa mkewe. Kabla ya kuja kwetu alishauza simu, akafuga kuku wakafa wote, akafundisha watu udereva na yeye mwenyewe hana leseni.

Sisi tunashona suti na sare. Mimi napiga pasi. Kwa miaka tisa binti yangu alikaa kwenye kompyuta kuukuu, ile yenye kisogo kikubwa, akiingiza vipimo vya wateja. Programu yake ilikuwa na nafasi ya kifua, kiuno na mguu, basi. Lakini mwili wa mtu hauishii hapo. Kwa hiyo yeye na mkataji walikuwa na utaratibu wao: kwenye nafasi ya anwani, ambayo hakuna aliyeihitaji, waliandika siri za miili. Bega la kushoto limeshuka vidole viwili. Huyu ana kitambi akikaa tu. Mkataji hakushika mkasi kabla ya kusoma anwani.

Mfumo alipoleta kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, tajiri alitangaza kwamba kazi ya kuhamisha vipimo ikiisha, binti yangu hatahitajika tena. Wateja watajijazia vipimo kwa simu. Nina wajukuu wawili wanaokula kwa kiti kile.

Binti alimwendea kwa adabu akamweleza habari ya anwani. Mfumo alicheka mpaka akashika meza.

“Dada, nimeziona. Mtu anakaa Mtaa wa Bega Limeshuka? Uchafu ule nimeufuta wote.”

“Ulimuuliza nani kwanza?”

“Mfumo hauulizi.”

Alasiri hiyohiyo akaiuza ile kompyuta kuukuu kwa wanunua vyuma chakavu. Mtu na akili zake.

Kazi ya kuhamisha ilipoisha, Mfumo akakalia kiti cha binti yangu. Mwezi haukuisha. Mteja wetu mmoja, mwalimu mkuu, alirudi na koti limening'inia upande mmoja kama limetundikwa msumarini. Siku nne, yakarudi makoti saba. Mfumo akasema vipimo viko sawa, miili ya watu ndiyo ina kasoro. Mkataji aliweka mkasi mezani, akaenda kukaa kizingitini; alisema yeye hakati kwa kupapasa.

Ndipo tajiri, ambaye salamu zangu huzijibu kwa kikohozi, akaja mwenyewe kwenye meza ya pasi, akauliza kama binti yangu bado anazikumbuka zile anwani. Nilijua anazikumbuka zote. Nilijua pia mtoto wangu ni laini kama unga uliokandwa, angezitaja bure palepale. Alikuwa kando yangu akinikunjia nguo; nikamkanyaga mguu.

“Nakumbuka,” binti alisema. “Lakini nitaziandika mwenyewe, kwenye kiti changu.”

Mfumo akaanza kueleza kwamba programu mpya inaruhusu mtumiaji mmoja tu.

“Basi inuka, shemeji,” tajiri akamwambia.

Aliinuka kama anayeng'olewa jino. Mimi sikutosheka. Nilimwomba tajiri aandike kwamba kazi ya binti yangu haiishi. Akaandika, amenuna. Sikusoma sana shuleni, kwa hiyo niliisoma karatasi ile polepole, neno kwa neno, naye amesimama ananisubiri.