Mimi Ndiye Niliyeanza Kusema "Aende!"

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Watu wa Miasenyi mkijua ni mimi mtanipiga mawe, kwa hivyo jina langu liacheni.

Nauza machungwa na mahindi ya kuchemsha kando ya barabara kuu. Mkuu wa askari wa kaunti tulimwita Kamanda, mtu mkavu asiyecheka. Kila asubuhi alipita akitusukuma nyuma ya mtaro. "Mama, lori halichagui," alikuwa akiniambia. Nami nikimsonya. Ukikaa nyuma ya mtaro dereva hakuoni, na asiyekuona hanunui.

Hakuwahi kumpiga mtu wala kula hongo. Hilo nililijua vizuri sana.

Basi akaja mheshimiwa mmoja mkubwa wa kaunti, naye simtaji, kutafuta kura tena. Akasimama juu ya gari na kipaza sauti, akamwita Kamanda mbele yetu. "Huyu anawasumbua? Mnataka abaki au aende?"

Watu wakatazama chini. Nikapaza sauti mimi, nimejificha nyuma ya migongo yao. "Aende! Anatupiga, anakula jasho letu!"

Uongo mtupu. Umati ukaitikia, "Aende! Aende!" Mheshimiwa akamfuta kazi papo hapo, akamwamuru avue kofia. Akaivua. Kipara chake kilikuwa kimelowa jasho, nami nikapiga vigelegele, kisha nikamrushia ganda la chungwa likampata shavuni. Mkewe alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwona, na bado nikacheka.

Jioni nikampigia simu mdogo wangu Wakesho, kule mlimani Sagalla, ambaye shamba lake lilikuwa limekauka. "Shuka uje tuuze. Tumemng'oa yule askari kama jino bovu." Alipokuja nikampa nafasi nzuri kuliko yangu, kwenye ukingo wa lami kabisa. Nilijiona dada mwenye upendo.

Hakumaliza mwezi. Lori lilikwepa pikipiki, likampanda pale nilipomkalisha. Mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji.

Siku ya mazishi Kamanda alipanda mlima akaja. Nilijua mkewe amemwambia, nikadhani atanisuta mbele ya watu, na ningemshukuru. Akanipa mkono. Nikamwomba msamaha.

"Mimi nimepata kibarua shamba la mkonge, Mwatate," akasema. "Yangu yamepita. Lakini huyu," akatazama jeneza, "ningemfukuza pale kila asubuhi."

Kisha akaenda kuchukua jembe, akasaidia kufukia. Mheshimiwa hakuja wala hakutuma mtu.

Jamani, siku mkiulizwa na mwenye kipaza sauti kama mtu abaki au aende, semeni mnalolijua, si linalowauma. Ukimchongea mtu kwa hasira, hujui amekuzuilia nini.

Watoto wa Wakesho nalea mimi. Wa kwanza huniuliza ni nani aliyempa mama yake nafasi ile barabarani. Namjibu sijui, namwambia ale.