Asali Kwenye Kidonda cha Mama

Kazi yangu ni vidonda. Nazunguka nyumba za wagonjwa hapa London, na wengi wao nawafunga kwa asali ya manuka. Kila nikifungua pakiti harufu inatoka, nzito, nusu asali nusu dawa, na mimi namwona mama. Simkumbuki tu, namwona kabisa: ameketi kitandani kwetu Rayners Lane, mguu juu ya stuli, ananingoja nimfunge.

Alikuja kutoka Tanga na kisukari chake, na mwaka wa pili akatokwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Nilimfunga mwenyewe. Yeye alipenda kuuliza, nami nilipenda kujionyesha, basi nikamsomesha. Asali yoyote huua vijidudu, maana ina uchachu na hunyonya maji, na ikilowa hutengeneza dawa kali ya kusafisha kidonda. Tatizo ni kwamba mwili wenyewe huivunja dawa hiyo. Manuka ina ya ziada, kemikali iitwayo methilglioksali, ambayo asili yake ni maua ya mti wa huko Nyuzilandi, na hiyo haivunjiki upesi.

"Kumbe asali na asali zatofautiana," mama akasema. "Mungu keshasema ni tiba, na hii tena imezidi!"

Kidonda kikaanza kufumba. Nilijisifu, sitaficha.

Nilichoacha kumsomesha ni kwamba ile yangu ni ya kupaka tu, imesafishwa kwa mionzi, na kwamba ikishuka tumboni manuka ni sukari kama sukari nyingine. Nilidhani mtu aliyeishi na kisukari miaka yote ile haambiwi jambo kama hilo. Asubuhi moja nikibadilisha mashuka, nikakuta nyuma ya msala wake wa kusalia chupa ya manuka, aliyonunuliwa na rafiki yake huko mtaa wa Edgware Road, imefika nusu. Ndipo nikaelewa ule mlio wa kijiko niliokuwa nausikia kupitia ukutani kila baada ya sala ya alfajiri.

Nikairudisha palepale.

Angekuwa mgonjwa wa kazini ningemkalisha chini bila kupepesa macho. Huyu ni mama. Kwetu mtoto hapekui chumba cha mzazi, sembuse kumsuta kwa kijiko cha asali. Nikajiambia nitatafuta siku nzuri nimwambie kwa kuzungukazunguka. Siku nzuri haikuja. Ilikuja homa, wekundu ukapanda mguuni, hospitali wakamkata vidole vitatu. Huenda vingekatwa hata bila ile asali. Sikumuuliza daktari, niliogopa jibu.

Vidole havipo, lakini vinamwasha. "Nikune, mwanangu," huniambia, nami nakuna shuka mahali pasipo na kitu, mpaka aseme basi.

Juma lililopita nilirudi kazini nikamkuta anaongea na dada yake wa Tanga, simu iko kwenye spika. Mamkubwa naye ana kisukari, na mwezi huu ameota kidonda kisiginoni.

"Nimempelekea chupa mbili," mama akaniambia, uso unamng'aa. "Kulikuwa na mtu anasafiri. Mzigo umefika!"

"Asante mwanangu," mamkubwa akasema kwenye simu. "Tamu hiyo! Mama yako kanambia vijiko viwili kabla ya chai. Leo nimeanza."

Nilikuwa bado na koti.

"Shikamoo mamkubwa," nikasema. "Nakuomba usiile. Mama alikuwa anaila, sukari ikampanda na kidonda kikamgeuka. Mimi niliiona chupa yake nikanyamaza."

Mamkubwa hakuitikia hata shikamoo. Alivuta pumzi, akasema, "Astaghfirullah," halafu simu ikakatika.

Mama alikuwa anauangalia mguu wake. Nilidhani atanitukana, na wallahi ningefurahi. Aliuvuta taratibu akauficha chini ya blanketi, kama mtu anayemwonea haya mgeni.

"Uliiona lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Kwa kazi yangu najua kusema maneno ya kupoza.

"Kidonda kilipokuwa kinapona, mama."