Ndoo za Kuazima

Sifa zote njema ni za Mola aliyetupa pumzi na maji, na rehema zake zimfikie Mtume wetu na waja wema wote.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana na katibu wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu, upande wa Kiranjeranje. Tangi la maji lilikuwa limepasuka tangu kiangazi. Kila mama aliyekuja kujifungua aliambiwa aje na ndoo zake mbili za maji, na asiye na mtu wa kumbebea alizalia nyumbani. Hayo tuliyajua kwa Bi Hadija, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo aliyepita nyumba kwa nyumba, akaketi jamvini na watu na kuandika majibu yao kwenye daftari lake.

Siku hiyo wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua. Unatujua sisi watu wa huku: mgeni hutandikiwa mkeka mpya, uliochanika ukafichwa. Baada ya sala ya alfajiri nikapita nikiazima ndoo, nikazijaza kisimani na kuzipanga kwenye chumba cha kujifungulia. Wageni wakaziona, wakaridhika, wakaanza kunawa kwa ajili ya pilau.

Bi Hadija akasimama.

"Samahani, waheshimiwa. Ndoo hizo ni za kuazima. Ile ya kijani ni yangu, na jioni naitaka, nina nguo za kufua."

Watu wakacheka. Akafungua daftari, akasoma kitongoji kwa kitongoji, akina mama wangapi wamezalia nyumbani kwa kukosa maji, bila kumtaja yeyote jina. Kicheko kikaisha. Wageni wakatoa kalamu, wakaahidi tangi.

Nilimfuata nje, sina hata salamu. "Umetuaibisha!"

"Marahaba," akajibu, kana kwamba nimemwamkia. "Katibu, mkeo ana mimba ya miezi mitatu. Ndoo zikirudi kwa wenyewe, mkunga atanawa kwa nini? Kwa mchuzi wa pilau?"

Nami nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani miaka mingi, nikijua kuficha ushahidi ni dhambi!

Ahadi ile Bi Hadija hakuiacha ilale. Kila mkutano wa kijiji aliisoma tena, na mara mbili alikwenda wilayani kuuliza, mara ya pili nikiwa naye, nimebeba daftari. Tangi likaja. Wiki chache baadaye mke wangu akajifungua, akatoka damu nyingi. Mkunga hakumwacha hata dakika moja kumtafutia maji. Bomba lilikuwa pale pale. Aliponiambia, "Wote wazima," nilisujudu palepale kwenye mchanga wa uani. Binti yetu tukampa jina la Hadija.

Kwa hiyo, mwanangu, mhudumu wa afya akija kwako, mweleze ukweli. Akisimama mkutanini, usimvute nguo akae. Yeye hasemi kwa kuchukia kijiji. Anawasemea waliobaki nyumbani, na anawakumbusha wakubwa walichoahidi. Nawe ukipewa uongozi, kataa kupanga ndoo za kuazima. Aibu yangu ya siku ile ilipita kabla pilau haijapoa, na mke wangu ningali naye hadi leo, alhamdulillahi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe ulimi usioogopa haki, na kila anayejifungua nyumbani mwako arudi salama na mwanawe mikononi. Amin.