Mfumo Mbichi Mbele ya D.O.

Mnaonijua mtacheka, na mcheke tu. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo pale Rangwe, enzi ambazo kompyuta ilifunikwa kitambaa kama redio ya sebuleni. Rafiki yangu alinitumia sidii mbili za mfumo wa kuendeshea kompyuta, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Moja ilikuwa na toleo lililokwisha kujaribiwa na kutulia. Nyingine ilikuwa na toleo jipya, ambalo bado lilikuwa likitengenezwa.

Mimi ni mtu wa ziwani. Sijawahi kununua samaki wa jana nikiona wa leo. Nikaweka jipya kwenye kompyuta zote.

Mkuu wa chuo, Madam Akinyi, aliuliza kama ni salama. Nikamjibu kwa maringo, "Madam, hili ndilo watengenezaji wenyewe wanatumia. Na mimi ni mwenzao."

Siku ya ufunguzi wa chumba cha kompyuta D.O., afisa wa serikali wa tarafa yetu, alikuja, na wazazi wakajaa. Nikawasha kompyuta ya mbele. Ikamwaga maandishi ya Kiingereza, kisha ikagoma. D.O. akavaa miwani, akatusomea kwa Kiswahili: "Toleo hili ni la watengenezaji. Usiliweke kwenye mashine unayoitegemea." Akauliza, "Sasa hapa kuna mtengenezaji?"

Madam Akinyi akasimama akitabasamu. "Yuko, mheshimiwa. Ni huyu mwalimu wetu. Tumpigie makofi, halafu tumpishe alitengeneze."

Wakapiga makofi wote, nami nimeshika waya wa umeme, maana kuuchomoa na kuurudisha ndio ufundi pekee niliokuwa nao.